"Hana Imani": Nafsi ya Kwanza na Kauli za Kuamini na Kutoamini katika Fasihi ya Kiswahili

Makala haya yametokana na swali moja lililoulizwa miaka michache iliyopita katika kikao cha kutahini tasnifu ya uzamili, nami nikiwa mmojawapo wa watahini. Mtahiniwa alikuwa ameandika juu ya shaka ya kidini katika riwaya za Euphrase Kezilahabi. Alikuwa ameyajibu maswali ya nadharia vizuri, na maswali ya matini vizuri zaidi, ndipo mwenzetu mmoja, mtu mzima anayeheshimika, alipoifunga tasnifu iliyokuwa mbele yake, akavua miwani, akamwuliza: "Na wewe mwenyewe, binti yangu, unaamini nini?" Mtahiniwa alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nilizaliwa Mkatoliki, Profesa." Watu wakacheka, kikao kikaendelea. Nami nilicheka.

Ningalipaswa kusema kwamba swali hilo halikuwa la uhakiki. Sikusema. Hata hivyo, jambo ambalo limenikaa zaidi ni jibu lenyewe kuliko swali. Lilikuwa jibu la kweli na wakati huo huo lilikuwa jibu lisilojibu. Kitenzi kiko katika wakati uliopita. Kauli ni ya kutendwa, maana hakuna anayejizaa. Na kuhusu anachokiamini mtu huyu leo, saa nne asubuhi, mbele ya meza ya watahini, hakikusemwa kitu. Alikuja kutafuta shahada akadaiwa shahada, naye akaponyoka kwa sarufi.

Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba Kiswahili kina njia nyingi, na nyingine kongwe sana, za mtu kukiri anachokiamini. Lakini maneno yake ya kutoamini ni maneno ya kumsema mtu mwingine. Kwa hiyo mtunzi anayetaka mhusika wake aseme kwa kinywa chake kwamba haamini hulazimika kupitia mlango wa uani. Na sisi wahakiki, badala ya kuufuata mlango huo tuone unaelekea wapi, mara nyingi tumesimama barazani tukimwita mhusika, na pengine mtunzi mwenyewe, kwa majina yale yale ya kushtaki.

Maneno tunayokiri kwayo

Tuanze na mazungumzo ya kila siku, kwa kuwa riwaya hukopa huko. Anayetaka kujua dhehebu la mgeni hapa kwetu hamwulizi anaamini nini. Humwuliza: "Unasali wapi?" Swali ni la mahali, na jibu ni la mahali. Wengine hujitambulisha kwa kishirikishi: mimi ni Muislamu, mimi ni Mwanglikana. Wengine hutumia kitenzi cha tukio lililokwisha kutendeka na ambalo athari yake ingalipo: nimebatizwa, nimesilimu, nimeokoka. Inafaa kuzitazama tofauti zake. Katika "nimebatizwa" pana mtendaji mwingine, kasisi au mchungaji. Katika "nimesilimu" msemaji ndiye mtenda. Katika "nimeokoka" kauli ni ya kutendeka, wala mtendaji hatajwi, ingawa kila msikilizaji anamjua. Yeyote angeliweza kusema "nimeokolewa", lakini si hilo lililoenea. Msemaji anatangaza hali mpya iliyomfikia. Nao wale wasiotaka kutangaza makuu hutumia kiambishi cha mazoea: mimi huswali Ijumaa, mimi huenda kanisani Krismasi.

Kauli zote hizi zinaweza kusemwa bila ya kitenzi "kuamini" kutajwa. Hili si upungufu wa imani. Ni dalili kwamba katika jamii zinazokisema Kiswahili dini hudhihirika kwanza kama uhusiano, mahali na mwenendo, na mara chache sana kama rai ya faragha kuhusu ukweli wa jambo fulani. Hata tunapokitumia kitenzi chenyewe, kinatutega. Kumwamini Mungu ni jambo moja, na kuamini kuwa Mungu yuko ni jingine. Kiambishi kile cha mtendwa, -mw-, kinaifanya imani kuwa tegemeo baina ya nafsi mbili, kama vile mtu anavyomwamini rafiki au mwenye duka. Ndiyo maana anayesema "simwamini Mungu" hajasema kwamba Mungu hayuko. Amesema, kwa sarufi ya kawaida, kwamba yuko ila hategemeki. Ni tamko la aliyeumizwa. Nitalirudia jambo hili nikimfikia Kazimoto.

Kiswahili kina pia "kusadiki", ambacho Wakatoliki wamekihifadhi katika kanuni yao ya imani na ambacho kina uzito wa kukubali kwamba lililosemwa ni kweli. Shaaban Robert alikichukua kitenzi hiki, akakitia viambishi vya kutendeka, akazalisha jina la nchi. Kusadikika (1951) ni hadithi ya mashtaka: Karama yumo kizimbani, Majivuno anamshtaki, na utetezi wa mshtakiwa ni masimulizi ya safari za wajumbe waliokwenda kutafuta mema nje ya nchi na kurudi wakapata mateso. Tumezoea kuisoma kazi hii kama istiara ya kisiasa, na ni sawa. Lakini jina lenyewe lingaliweza kutukumbusha kwamba panahojiwa pia nani mwenye mamlaka ya kuamua lipi lisadikike.

Sasa tulitazame neno lenyewe, "imani". Katika matumizi ya siku nyingi, hasa ya pwani, imani ni huruma pia. Kuona imani ni kuhurumia. Mtu wa imani ni mtu mwema, mpole kwa wanyonge. Kinyume chake, "hana imani" husemwa juu ya mwenye nyumba anayewatupia wapangaji vyombo nje wakati wa mvua. Hali kadhalika "hana dini" na "hana Mungu huyu": ni maneno tunayomwambia dereva aliyemgonga mtoto akatoroka, na huenda dereva huyo husali kila wiki katika safu ya mbele. Msamiati wa kutoamini, basi, umekwisha kaliwa na msamiati wa ukatili. Tukiongeza "kafiri", "mpagani" na "mkanamungu", ambayo yote ni majina aliyopewa mtu na watu wa upande wa pili, tunaona dhiki ya anayetaka kusema kwa utulivu kwamba yeye, baada ya kufikiri, haamini. Akisema "sina imani" amejishtaki kwa ukatili. Akisema "sina dini" amejishtaki kwa ukosefu wa maadili. Akisema "mimi ni mkanamungu" amejivika vazi lililoshonwa na wapinzani wake, tena neno lenyewe linamtaja Mungu kama kitu kinachojulikana ambacho yeye anakikana, kama mtu anayemkana mwanawe.

Nina hakika kwamba ndiyo sababu mojawapo ya Wakenya wengi wenye msimamo huo kuutamka kwa Kiingereza. Chama cha wasioamini kilichosajiliwa nchini mwaka 2016, na ambacho usajili wake ulisimamishwa kwa muda mwaka huo huo, kina jina la Kiingereza. Katika sensa ya mwaka 2019 watu zaidi ya 750,000 waliandikwa kuwa hawana dini. Sijui ni wangapi kati yao waliowahi kulisema jambo hilo kwa Kiswahili mbele ya mama zao.

Kuusemeza moyo

Haifai kudhani kwamba fasihi yetu ya kale haikuijua shaka. Iliijua, ila iliipa makao maalumu. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir uliotungwa mapema katika karne ya kumi na tisa, nafsineni haisemi kwamba imeghafilika. Inausemeza moyo wake. Moyo ndio usiosikia, ndio unaopendezwa na dunia, ndio unaopaswa kuonyeshwa majumba ya Pate yaliyobomoka na zidaka zilizokuwa na vyombo vya fahari zikageuka makao ya ndege. Nafsi imegawanyika pande mbili: msemaji ameshika dini, msemezwa ndiye mkaidi. Kwa mbinu hii mtunzi ameweza kukiri udhaifu wake mwenyewe, na kuukiri kwa urefu, pasipo kuutamka katika nafsi ya kwanza. Ukaidi umewekwa katika nafsi ya pili, na mwenye ukaidi huo ni kiungo cha mwili wa msemaji yule yule.

Wahakiki wameusoma utenzi huu zaidi kama maombolezo juu ya anguko la Pate, au kama mawaidha. Mimi naona pia kwamba ni hati ya kwanza tuliyonayo ya mtu anayehojiana na kutoamini kwake, ijapokuwa kutoamini huko ni kwa mwenendo wala si kwa rai. Moyo haukatai kwamba Jahanamu ipo. Unaishi tu kana kwamba haipo. Na tukiwa wakweli, hiyo ndiyo namna ya kutoamini iliyoenea zaidi miongoni mwetu hata leo.

Mwana Kupona binti Msham, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858 akiwa mgonjwa, anafuata njia nyingine. Wengi wanaukumbuka kwa wasia wake juu ya mume na nyumba, na wengi wamegombana nao kwa ajili hiyo. Sehemu ya mwisho ni dua. Hapo sauti ya mama inayomwelekeza binti inageuka kuwa sauti ya mja anayeomba, na imani inaelezwa kwa tendo la kuomba lenyewe. Anayeomba hana haja ya kueleza kwamba anaamini. Nadhani hili ndilo umbo lililo thabiti kuliko yote katika mapokeo yetu: nafsi ya kwanza inaiambia Nafsi nyingine, na msomaji anasikia kando.

Rosa na kadamnasi

Umbo la tatu ni la karne ya ishirini, nalo ni ushuhuda. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Kenya na Tanganyika, uliwafundisha watu wa kawaida, wanawake kwa wanaume, kusimama mbele ya kadamnasi na kusimulia maisha yao wenyewe katika nafsi ya kwanza: nilikuwa hivi, likatokea hili, sasa mimi ni hivi. Historia ya fasihi yetu haijaupa ushuhuda nafasi unayostahili. Tunaeleza asili ya riwaya ya Kiswahili kwa kutaja ngano, tendi na tafsiri za Kizungu, tunausahau utanzu huu wa simulizi ya nafsi ambao ulisikika kila wiki katika maelfu ya vijiji. Una mgogoro, una kilele, una hadhira inayoitikia. Una pia sharti moja kubwa: hadhira lazima ipokee. Aliyetubu asipopokewa, simulizi yake haina mwisho.

Kezilahabi hakulelewa katika uamsho huo. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari, na Ukatoliki wake ni wa kitubio cha siri kuliko wa ushuhuda wa hadharani. Hata hivyo Rosa Mistika (1971) inasomeka vyema ikiwekwa kando ya utanzu huo. Jina la riwaya ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania. Rosa, bintiye Zakaria na Regina, anapotoka, kisha anarejea, kisha anatumaini kuolewa na Charles. Charles anapotambua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua. Wanaoisoma kama onyo kwa wasichana, na ndivyo ilivyosomwa na waliotaka isiwafikie wanafunzi, hawaoni kwamba aliyevunja kanuni ya dini hapo mwishoni ni Charles. Rosa ameyatenda yote ambayo simulizi ya toba inadai. Kilichokosekana ni mpokeaji. Charles hana imani, kwa maana ile ya pwani.

Mwandishi hajamfanya Charles kuwa asiyeamini. Bali amelichukua neno letu la kushtaki akalielekeza kwa muumini.

Kazimoto

Ndipo tunafika kwenye Kichwamaji (1974), na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo riwaya ambayo juu yake tumetenda dhuluma zaidi.

Msimulizi ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, na anasimulia katika nafsi ya kwanza. Rafiki yake wa utotoni, Manase, amekuwa mtu wa cheo serikalini. Manase amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia anakufa. Kazimoto naye anamwendea Sabina, dada yake Manase, kwa nia ya kisasi kwanza, kisha kwa ndoa. Anazaliwa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Mwishoni Kazimoto anajiua. Katikati ya matukio haya pana mijadala juu ya kuwako kwa Mungu na maana ya maisha, na ni mijadala hiyo iliyowapa wahakiki kibali cha kumtundika Kazimoto, na nyuma yake Kezilahabi, bango la udhanaishi, ukataji tamaa na ukanamungu. Katika miongozo ya shule na tasnifu nilizozipitia kwa miaka ishirini, maneno hayo matatu huandamana kama ndugu watatu.

Tulitazame kwanza jina la riwaya. Kichwamaji ni tusi. Ni neno la nafsi ya tatu, na mtu hajiiti hivyo. Msimulizi wa nafsi ya kwanza, basi, anatujia akiwa amekwisha kupewa jina na wengine kabla hajafungua kinywa. Kisha jina hilo linageuka kuwa mwili: kichwa cha mtoto. Sifahamu mfano bora zaidi katika riwaya yetu wa jinsi neno la kushtaki linavyomwandama mtu mpaka linazaliwa nyumbani mwake.

Pili, tutazame namna Kazimoto anavyoieleza shaka yake. Haielezi kwa tamko. Hatukutani na Kazimoto aliyesimama akatoa kanuni ya kutoamini kinyume cha kanuni ya imani aliyofundishwa. Shaka yake inakuja kwa njia ya mabishano na wenzake, kwa kejeli, kwa maswali, na zaidi ya yote kwa namna anavyoangalia vifo vinavyomzunguka. Maswali ni mlango wa uani niliousema hapo juu. Kisarufi swali halimfungi msemaji. Anayeuliza kama Mungu yuko hajakana wala hajakiri, na hawezi kushikwa ulimi. Wasomi wa falsafa watasema kwamba Kazimoto si mkanamungu bali ni mwenye shaka. Mimi nasema zaidi: ugomvi wake, kama unavyosomeka kwangu, ni wa "simwamini" kuliko "siamini kuwa yuko". Ni ugomvi na mtu aliyetazamiwa kutenda jambo wakati Rukia anakufa, asilitende. Ugomvi wa namna hiyo una tegemeo lililovunjika ndani yake, na tegemeo halivunjiki pasipo kuwako kwanza.

Tatu, na hapa sikubaliani na wale wanaoitetea riwaya hii kwa kila neno, Kezilahabi hakufaulu kuukata uzi unaofunga kutoamini na ukatili. Kazimoto anamtumia Sabina kama chombo cha kisasi. Mtoto wa kichwa kikubwa anaweza kusomwa kama matokeo ya maradhi ya zinaa, yaani jambo la kitabibu, lakini riwaya imepanga matukio yake kwa namna ambayo msomaji mcha Mungu ataona adhabu. Kujiua kunakamilisha hesabu hiyo. Msomaji anayeingia akiamini kwamba asiye na Mungu hana huruma na mwisho wake ni mbaya, anatoka akiwa na imani ile ile, tena akiwa na ushahidi. Nimewasikia wanafunzi wakisema hivyo mwaka baada ya mwaka, na siwezi kuwaambia kwamba hakuna kitu katika matini kinachowaunga mkono. Ningelitamani Kazimoto mmoja ambaye haamini na ambaye anamsindikiza jirani yake mgonjwa hospitali, anakaa naye foleni hadi jioni, na riwaya haioni ajabu. Mhusika huyo bado hajaandikwa kwa Kiswahili kwa kiasi cha kunitosheleza, ilhali mitaani kwetu yupo.

Pana tofauti nyingine baina ya Kazimoto na nafsineni ya Al-Inkishafi ambayo sijaona ikijadiliwa. Sayyid Abdalla alikuwa na moyo wa kuusemeza. Aliweza kujigawa, akawa mwonya na mwonywa, na baina yao pakawa na mazungumzo. Kazimoto hana wa kumsemeza. Hawezi kuomba, kwa kuwa hamwamini anayeombwa. Hawezi kushuhudia, kwa kuwa hana kadamnasi. Na kitubio kinahitaji padri. Maumbo yote matatu ya kusema juu ya imani katika nafsi ya kwanza yamefungwa mbele yake. Kinachobaki ni riwaya yenyewe. Tukiichukua hivyo, Kichwamaji inakuwa jaribio la kutafuta umbo la nne, na kifo cha msimulizi kinakuwa alama ya mahali jaribio lilipokwama wakati ule.

Kezilahabi aliendelea kulitafuta. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) nafsi ya kwanza imerudi, lakini haina jina, wala haibishani tena kama Mungu yuko au hayuko. Katika Mzingile msimulizi anapewa kazi ya kumpelekea mzee habari za kifo cha mwanawe. Mtu anayebeba taarifa ya msiba haulizwi dini yake. Anaulizwa kama amefika. Kwa hatua hiyo moja mwandishi amelihamisha suala zima kutoka kwenye kitenzi cha kuamini na kulipeleka kwenye kitenzi cha kwenda. Wanaozilaumu riwaya hizi fupi kwa ugumu wake wana haki kwa kiasi fulani. Nami nimezisoma mara nyingi na bado pana kurasa zinazonishinda. Lakini wanaosema kwamba humo Kezilahabi alikimbia uhalisi hawajatambua alikuwa anakimbia nini. Alikuwa anakimbia kizimba.

Wahakiki na majina

Tulipata wapi ada hii ya kumdai mtunzi hati ya imani? Sehemu yake inatokana na wanazuoni wetu wenyewe. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliwaeleza Waafrika kuwa watu ambao dini imepenya kila pembe ya maisha yao hata haiwezekani kuitenga. Alikuwa anawajibu Wazungu waliotuita wasio na dini, na jibu lake lilihitajika. Lakini hoja hiyo ikiingia darasani inageuka kuwa kanuni: Mwafrika asiyeamini hawezekani, kwa hiyo anayejitokeza katika riwaya lazima awe ameharibiwa na masomo. Okot p'Bitek, karibu wakati huo huo, aliwashutumu wanazuoni wa aina zote, wamisionari na wazalendo, kwa kuivisha miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki na Kikristo. Tumemnukuu Mbiti kwa ukarimu na Okot kwa uchache, na matokeo yake yako katika maktaba zetu.

Sehemu nyingine inatoka nje ya chuo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda, katika ibara ya 32, uhuru wa dhamiri, dini, fikira, imani na maoni. Lakini inafungua utangulizi wake kwa kukiri ukuu wa Mungu, na inakiri katika nafsi ya kwanza wingi. Silaumu, nataja tu kwamba "sisi" imekwisha kusema kabla ya "mimi" kufika. Mhakiki aliyelelewa na kwaya, madrasa na gwaride la shule huiona "sisi" hiyo kuwa ndiyo lugha ya kawaida, na "mimi" ya Kazimoto kuwa ugonjwa unaohitaji kutambuliwa.

Kwa kulinganisha, tazama tulivyompokea Abdilatif Abdalla. Sauti ya Dhiki (1973), diwani aliyoitunga gerezani alikofungwa kutoka mwaka 1969 hadi 1972, ina shairi liitwalo "N'shishiyelo ni lilo". Kitenzi ni kile kile cha kushika dini, na kinachoshikwa ni msimamo alioadhibiwa kwa ajili yake. Mtunzi ni Muislamu, na hakuna aliyemwuliza kama ni halali kuutolea msimamo wa kisiasa lugha ya imani. Tuliona mara moja kwamba mtu anaweza kulichukua neno la dini akaliwekea kazi nyingine pasipo kulichafua. Ukarimu tuliomfanyia mfungwa wa Mombasa tungaliweza kumfanyia mwanafunzi wa Ukerewe. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na katika rambirambi kadhaa nilizozisoma bado palikuwa na sentensi ya kumtetea, kwamba alikuwa mtu wa dini licha ya vitabu vyake. "Licha ya" ni maneno ya wakili.

Niirudie tasnifu ile. Mtahiniwa alifaulu, kwa masharti ya marekebisho madogo. Mojawapo ya marekebisho lilikuwa aongeze aya katika utangulizi kueleza kwamba mawazo yaliyomo katika riwaya zilizohakikiwa si yake. Nilitia saini orodha hiyo pamoja na wenzangu. Aya hiyo imo katika nakala iliyoko maktaba, ukurasa wa nne, na nimekwenda kuisoma tena kabla ya kuandika makala haya. Ina sentensi tatu, zote katika kauli ya kutendwa. Nafsi ya kwanza haimo.